Daraja jembamba kwenye barabara kuu: tulipanue, tuliongezee pacha, au tujenge jipya?

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuu yoyote, lazima uvuke maji. Barabara ya Morogoro inavuka Msimbazi pale Jangwani, na mbele ya Kibaha inakutana na Ruvu. Barabara ya Kilwa inavuka Mto Mzinga ukitoka Mbagala kuelekea Kongowe, kisha Rufiji huko mbele. Ya Bagamoyo ina Mto Tegeta na Mto Mpiji. Anayekwenda Tanga, Moshi au Arusha kupitia Chalinze ana Wami. Barabara inaweza kuwa na lami nzuri kilomita mia moja, halafu daraja moja la zamani, jembamba, likawa ndipo watu wanapofia.

Linapokuja suala la kubadilisha daraja kama hilo, mjadala wetu huwa mfupi mno. Wananchi wanasema "tunataka jipya", wakubwa wanasema "fedha hazitoshi", mambo yanaishia hapo. Katikati ya kauli hizo mbili kuna njia tatu za kweli za kuchagua, na kila moja inatibu ugonjwa wake. Ninaandika kwa ajili ya mtu atakayeitwa kwenye mkutano wa wadau: mjumbe wa serikali ya mtaa, diwani, mwenye fremu kando ya barabara, dereva wa lori, mama anayevuka kila alfajiri na beseni la samaki kichwani. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa barabara kuu inayobeba malori na mabasi ya mikoani, daraja jipya kwenye mstari mpya, yaani mahali papya pa kuvukia, ndilo la kupigania, hata kama ni ghali. Kupanua lile la zamani kunafaa mahali pachache kuliko tunavyoambiwa.

Kwanza jua daraja linaumwa nini

Wembamba ndio unaoonekana, kwa hiyo tuanze nao. Basi kubwa au semi-trela lina upana wa karibu mita 2.5 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Yakikutana mawili kwenye daraja lenye sakafu ya mita 6, mita 5 zimeshaliwa na bodi tu. Ile moja iliyobaki inagawanywa kati ya vioo vinne, nafasi ya katikati na nafasi ya kila gari kutoka kwenye kingo. Ndiyo maana unaona utingo ametoa kichwa dirishani, anapiga bodi kwa kiganja na kumwambia dereva wake ashike kushoto kidogo, kidogo tena. Bodaboda aliyekuwa akipita salama begani mwa barabara hana tena bega. Anaingia katikati ya magari au anasimama. Kingo za daraja hilo zina rangi za kila aina, kila rangi imeachwa na gari lililozikwangua.

Ila wembamba ni mmoja kati ya magonjwa manne. La pili ni maingilio: mteremko mkali unaoishia darajani, au kona inayokuonyesha daraja ukiwa umeshafika. La tatu ni uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu lori hadi tani 56, na madaraja mengi ya enzi za mkoloni yalisanifiwa kwa magari mepesi kuliko hayo kwa mbali. La nne ni maji: je, mto ukifura unapita chini ya daraja, au unapanda juu yake, au unachimba udongo chini ya nguzo? Ugonjwa huu wa mwisho hauonekani kwa macho ukiwa juu, na duniani kote ni miongoni mwa sababu kubwa za madaraja kuanguka.

Chaguo lolote utakaloletewa mezani, lipime kwa hayo manne. Chaguo linalotibu wembamba peke yake linaweza kuongeza vifo, kwa sababu dereva akiona upana anakanyaga mafuta, na ile kona iko palepale.

Wami: mfano ambao hatupaswi kuusahau

Sijui daraja jingine nchini linalofundisha jambo hili vizuri kama Wami, kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera. La zamani lilijengwa mwaka 1959. Lilikuwa na urefu wa mita 88.75 na njia moja tu: gari la upande mmoja linapita, la upande wa pili linasubiri. Lakini madereva wa njia ile hawakuwa wakiogopa kusubiri. Walikuwa wakiogopa kushuka. Pande zote mbili barabara ilikuwa inateremka kwa kona hadi chini kabisa ya bonde, daraja likiwa chini kule. Lori lenye mzigo likipata moto kwenye breki kwenye mteremko ule, mbele yake kulikuwa na tundu la njia moja na foleni ya magari yaliyosimama.

Daraja jipya lililoanza kutumika mwaka 2022 lina urefu wa mita 513.5 na upana wa mita 11.85. Hebu zitazame namba hizo mbili za urefu. Mto haukuongezeka upana. Daraja jipya ni refu karibu mara sita kwa sababu halishuki tena kuufuata mto chini; linakatiza juu ya bonde, likiwa na barabara unganishi mpya za karibu kilomita 4 zilizonyooshwa. Zile mita 400 na zaidi za ziada ndizo zilizonunua usalama. Zimeondoa mteremko na kona, na upana ukaja juu yake.

Sasa fikiria tungechagua kupanua lile la 1959 likawa la njia mbili. Tungetumia fedha kidogo sana. Picha ya uzinduzi ingependeza. Na malori yangeendelea kushuka bonde lilelile kwa breki zilezile, mara hii bila hata sababu ya kupunguza mwendo kusubiri zamu. Mtu akikuambia "upanuzi unatosha", mtake kwanza akuonyeshe mchoro wa maingilio.

Kupanua la zamani

Kupanua kuna mahali pake. Kama maingilio yamenyooka, daraja liko juu ya usawa wa mafuriko, na msingi wake bado mzima, basi kuongeza mihimili pembeni, kumwaga sakafu upya na kusogeza kingo nje ni kazi yenye akili. Haihitaji ardhi kubwa, haihamishi barabara, na wenye biashara hawapotezi wateja wao.

Tatizo liko kwenye neno "mzima". Msingi wa miaka sitini umezikwa. Kuujua kunahitaji kuchimba, kupima zege, kupima nondo zimeliwa na kutu kiasi gani. Kwa madaraja yaliyo karibu na bahari, kama yetu mengi ya Dar es Salaam, hewa ya chumvi inaingia kwenye zege na kuanza kula nondo ndani kabla ufa haujaonekana nje. Upimaji usipofanyika kwa uhakika, unajenga sehemu mpya na kuiegemeza kwenye ya zamani ambayo hujui nguvu yake.

Kuna jambo lingine ambalo nataka waendesha pikipiki walijue. Zege jipya linasinyaa linapokauka, na nguzo mpya inakaa ardhini taratibu, wakati ile ya zamani ilishakaa miaka mingi. Pale sehemu mbili zinapoungana, kwa urefu wa daraja zima, unaweza kutokea ufa au kimo kisicholingana. Gari halitaona tofauti. Tairi la pikipiki likiingia kwenye mfereji ule unaokwenda sambamba na safari yake, usukani haugeuki tena. Mhandisi mzuri anaupanga muungano huo ukae chini ya mstari wa katikati au chini ya njia ya miguu, mbali na mahali matairi yanapopita. Uliza uko wapi.

Na kazi yenyewe inafanyika magari yakipita. Nusu ya daraja inafungwa, nusu inabaki, watu wa bendera wanaruhusu upande mmoja mmoja mchana na usiku kwa miezi. Kwenye barabara kama ya Kilwa au ya Morogoro, hiyo ni foleni ambayo haina pa kukimbilia, na foleni ya usiku kwenye eneo la ujenzi lisilo na taa ni ajali inayosubiri.

Pacha pembeni

Chaguo la pili ni kuliacha la zamani na kujenga lingine sambamba nalo. Moja linakuwa la kwenda, jingine la kurudi. Faida yake kubwa ni kwamba magari hayakutani tena uso kwa uso darajani, na ajali ya uso kwa uso ndiyo inayoua wengi kwa mara moja. Ujenzi unafanyika pembeni bila kusumbua foleni iliyopo. Kwa gharama, kwa kawaida linasimama katikati: ni zaidi ya kupanua, ni chini ya kuhamisha barabara nzima.

Hata hivyo pacha linarithi maingilio ya ndugu yake. Kama kona ilikuwepo, sasa inahudumia madaraja mawili. Na kama barabara yenyewe bado ni ya njia mbili za kawaida, magari yanagawanywa kabla ya daraja na kuunganishwa tena baada yake. Sehemu hizo mbili zinahitaji vibao vikubwa, mistari inayong'aa usiku na kisiwa cha katikati kinachoonekana. Dereva mgeni anayetoka Tunduma usiku wa manane hajui kwamba hapa anatakiwa kushika kushoto. Nikiona michoro ya pacha isiyo na taa kwenye maingilio, naiona nusu tu ya mradi.

Kuna suala la mto pia. Nguzo za daraja jipya zikikosa kusimama kwenye mstari mmoja na za zamani, magogo na taka zinanasa kati ya madaraja mawili. Mtu aliyeona kinachoelea kwenye mito ya Dar es Salaam wakati wa masika, magodoro, chupa za plastiki, migomba mizima, hahitaji kuelezwa zaidi.

Pacha nalichagua pale barabara nzima inapopanuliwa kuwa njia nne, na daraja la zamani limethibitishwa kubeba malori ya leo kwa miaka mingi ijayo. Bila masharti hayo mawili, linakuwa njia ya kuahirisha uamuzi.

Daraja jipya kwenye mstari mpya

Hili ndilo ghali, refu kwa muda, na lenye fidia nyingi. Ndilo pia pekee linaloweza kutibu magonjwa yote manne kwa mkupuo. Unachagua mahali pa kuvukia kwa kufuata mwonekano wa dereva na tabia ya mto, badala ya kufuata pale ambapo fundi wa 1950 aliona ni rahisi kwa jembe na toroli. Daraja la zamani linaendelea kutumika hadi siku ya kukata utepe, kwa hiyo hakuna barabara ya mchepuo wala watu wa bendera.

Hapa mjini tuna mfano wa sura nyingine ya chaguo hili. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1.03, lilifunguliwa mwaka 2022 likipita baharini kuunganisha upande wa Oysterbay na eneo la Hospitali ya Aga Khan. Daraja la Selander, lile la zamani la jirani, halikubomolewa wala kupanuliwa. Linabeba sehemu yake, la pili linabeba sehemu yake, na moja likipata shida jiji halikatiki vipande viwili. Kabla ya hapo, ajali moja pale Selander ilikuwa inatosha kuwachelewesha watu wa Msasani, Mikocheni na Mwenge asubuhi nzima. Faida ya kuwa na njia mbadala haionekani kwenye hesabu ya gharama hadi siku ambulansi inapohitaji kupita.

Kuhusu ardhi, nataka kusema wazi kwa sababu ndipo mikutano inapochafuka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Mstari mpya unatoka nje ya hifadhi hiyo na kuingia kwenye mashamba na viwanja vya watu. Fidia isipolipwa mapema na kwa haki, mradi unakwama mahakamani, na kila mwezi wa kukwama ni mwezi mwingine wa daraja jembamba. Anayehamishwa hapaswi kulipia usalama wa wengine kwa kufukarishwa. Huu ni upande wa gharama ambao mimi ningekubali uongezeke.

Jangwani: daraja linapangwa na mto

Nikirudi Jangwani, chaguo linabadilika kidogo. Pale wembamba si shida kuu. Shida ni Msimbazi. Wakati wa kiangazi unaweza kuutazama ukadhani ni mfereji. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayoshuka kutoka milima ya Pugu na mitaa yote iliyojengwa kandokando yanajaa bonde lote, na barabara inafungwa. Mchanga unaoletwa na maji unajaza sehemu ya chini ya daraja, kwa hiyo kila mwaka tundu la kupitishia maji linazidi kuwa dogo. Ungeongeza njia sita juu yake, maji yangezifunika zote sita.

Ndiyo maana daraja lililosanifiwa pale chini ya mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia ni mfadhili mkubwa, lina urefu wa mita 390 na linainuliwa. Linaruka bonde badala ya kuruka mkondo. Tuta la udongo lililokuwa linaziba bonde kama bwawa linapunguzwa, maji yanapewa nafasi yao.

Somo hilo linahusu hata vivuko vidogo. Mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kwenda Lindi mwezi Mei 2024, maeneo ya Somanga, maji yalibeba makalavati, yale matundu ya kupitishia maji chini ya barabara, na tuta la barabara. Kalavati ni rahisi kujenga na linatosha kwa kijito. Likiwekwa mahali panapohitaji daraja, linageuka kizibo, maji yanapanda, yanatafuta udongo laini pembeni, na asubuhi barabara haipo. Kwa mto unaobeba mchanga na taka, dai daraja lenye nafasi pana kati ya nguzo hata kama magari ni machache.

Wa miguu wanapita wapi?

Swali hili liulizwe kwenye kila chaguo, na liulizwe kwa sauti. Barabara kuu zetu zinapita katikati ya makazi. Wanafunzi, wauza maji, wasukuma mikokoteni, waendesha baiskeli wenye magunia ya mkaa, wote wanatumia daraja lilelile la semi-trela. Kwenye daraja jembamba la zamani, mtu akisikia honi nyuma yake anageuka ubavu, anabana mgongo kwenye kingo na kuvuta tumbo ndani hadi gari lipite. Mtoto mwenye begi la shule mgongoni hawezi hata hilo, begi linamsukuma kuelekea kwenye magari.

Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 lina njia sita za magari na njia za miguu pembeni, na watu huzitumia kila siku. Hiyo ndiyo iwe kipimo chetu. Njia ya miguu iliyoinuliwa kidogo kwa ukingo wa zege haitoshi kwenye barabara ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Inatakiwa kuwe na kizuizi cha chuma au zege kati ya magari na watu, na kingo nyingine upande wa maji. Upana wake utoshe mikokoteni miwili kupishana. Na njia hiyo isiishie ghafla daraja linapokwisha: ipelekwe hadi kwenye kituo cha daladala au mtaa wa kwanza. Kupanua kwa bei nafuu mara nyingi hukata kitu hiki cha kwanza kabisa, ili kupata njia mbili za magari. Ukiona hivyo kwenye mchoro, kataa.

Wakati tunasubiri

Jipya likichukua miaka mitatu au mitano kutoka upembuzi yakinifu hadi kukamilika, watu hawawezi kuachwa hivihivi. Mambo ya bei ndogo yafanyike mwaka huohuo: taa za kupokezana zamu kwenye daraja la njia moja, vibao vya tahadhari mapema kabla ya mteremko, rangi inayong'aa kwenye ncha za kingo, vyuma vya pembeni vya barabara viunganishwe moja kwa moja na kingo ili gari lisichomwe na ncha, na daraja la chuma la miguu pembeni kwa wapita njia. Uzito usimamiwe kwenye mizani kwa ukali. Haya yote hayazuii ujenzi wa jipya, na mtu asiyatumie kama sababu ya kuufuta.

Na la zamani?

Swali la mwisho la kuchagua huwa linasahaulika. Daraja jipya likishafunguliwa, la zamani lina njia mbili: kubomolewa, au kubaki kwa ajili ya waendao kwa miguu, baiskeli na pikipiki za wakazi. Kubaki kunapendeza, na mahali ambapo vijiji vya pande mbili za mto vinategemeana ningechagua libaki. Ila nguzo zake bado zimesimama mtoni, upande wa mto unakotokea au unakokwenda ukilinganisha na jipya, na zikianguka kwa mafuriko zinaweza kuyapeleka maji kwenye msingi wa jipya. Ukiambiwa litabaki, ulizia litakaguliwa na nani, kila baada ya muda gani, na ni ofisi gani itatoa fedha za kuondoa taka kwenye nguzo zake kabla ya masika. Kama majibu hayo hayamo kwenye mkataba, basi libomolewe na mkandarasi yuleyule kabla hajaondoa mitambo yake.